Gamba la Rangi ya Ufizi

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza leo, na kaka yangu amemkanyaga kobe kwa gari. Mezani jioni alisimulia mvua tu. Kuhusu kobe, alisema tumekanyaga "kijiwe fulani".

Hakikuwa kijiwe. Nilikuwa nimeketi kando yake kwenye pikapu, tunatoka kumjulia hali shangazi. Pale barabara inapovuka mtaro mkubwa maji yalikuwa yamefurika hadi kwenye lami, na kobe alikuwa anavuka, shingo ameinyosha, hana habari na mtu. Nikasema, "Kaka, simama, kuna mnyama." Akasema, "Sioni kitu." Halafu nikasikia mlio. Mimi natengeneza meno ya bandia, na ule ulikuwa mlio wa seti ya meno ikidondoka kwenye sakafu ya saruji. Nausikia hata sasa.

Alisimama kwa sababu nilifungua mlango gari likiwa bado linatembea. Kobe ni mkubwa kama sahani ya chakula, wa majini, vidole vyake vina ngozi katikati kama vya bata. Ukingo wa tairi ulimbana upande wa kulia. Gamba limepasuka kuanzia karibu na shingo hadi katikati ya mgongo, na kwenye ufa palikuwa na damu. Nilipomwinua akanifungulia kinywa aning'ate. Nilimpenda papo hapo.

"Usiniingizie uchafu huo kwenye gari langu," kaka akasema.

"Gari lako ndilo lililomvunja."

"Mimi sikumwona!"

"Nilikwambia!"

Nimemfunga kwenye mtandio wangu nikampakata hadi nyumbani. Nyumbani maana yake ni kwa kaka. Nilirudi hapa ndoa yangu ilipovunjika, na hakuna mgeni anayevuka kizingiti ambaye haambiwi hivyo kabla hajapewa kiti. Tupo wanne: kaka, mkewe ambaye ni wifi yangu, Mama, na mimi. Chumba changu cha kazi ni ile iliyokuwa stoo, nyuma ya jiko. Kobe analala humo, ndani ya beseni la kufulia. Wifi ameshauliza atafulia wapi.


Jumatatu, 10 Machi

Nimemtengeneza! Nimeusafisha ufa kwa maji ya chumvi, nikaukausha, nikachanganya ule unga wa rangi ya waridi tunaotengenezea fizi za bandia, nikaufunika ufa wote. Ulipokuwa mgumu nikaupiga msasa, nikaung'arisha. Hata kucha haishiki kwenye maungio. Daktari wa meno anayeniletea kazi nyingi hawezi kukuta kasoro, na yule hukuta kasoro hata kwenye salamu.

Mama alikuja kuangalia, akacheka hadi akashika mlango. "Kobe ameota ufizi mgongoni! Sasa meno utayapanga lini?" Yeye mwenyewe meno niliyomtengenezea ameyaacha kwenye kikombe, eti yanambana. Nimemrudisha kobe kwenye beseni lake la maji.


Jumatano, 12 Machi

Mvua. Kobe hali chakula.


Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Hali. Nimemjaribu kwa samaki, kwa nyama, kwa majani. Anafumba macho.


Jumatatu, 17 Machi

Wifi anasema stoo inanuka. Nimemwambia kinachonuka ni roho yake. Nikaenda kulala na ushindi wangu.


Jumanne, 18 Machi

Inanuka. Wifi yuko sahihi, na sitamwambia.

Nimempeleka kobe kwa daktari wa mifugo. Ni mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, alikuwa anatoka kutazama ng'ombe. Alimpindua kobe, akamnusa, akagonga lile gamba langu la waridi kwa kalamu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno.

"Kazi nzuri sana. Umemzika akiwa hai."

Nilitamani kumpiga. Akachukua kifaa chake akaanza kukata, nami nikashikilia. Chini ya ule mng'aro wangu kulikuwa na usaha. Ufizi wa bandia hukaa juu ya ufizi mzima, na jioni mtu huuvua. Mimi niliukandika juu ya kidonda nikafunga kila tundu, kwa ustadi wangu wote. Fundi mbaya angeacha upenyo, na kobe angekuwa na nafuu.

Nilikuwa na hasira na yule daktari kwa kuwa alikuwa anasema kweli, halafu hasira ikageuka ikanirudia mwenyewe. Bado ninayo.

Alimchoma sindano mguu wa mbele, na atanifundisha kumchoma mwenyewe. Ufa uachwe wazi, upate hewa, upakwe dawa. Lakini pande mbili za gamba zinacheza, lazima zishikwe. Akaniuliza kama najua kupinda waya. Kupinda waya ndiyo kazi inayonilisha! Tuligandisha vishikizo vidogo vya plastiki yangu kwenye gamba lisilopasuka, mbali na ufa, huku na huku, nikapitisha waya katikati nikakaza kidogo kidogo kwa koleo. Alisema, "Taratibu," nami nikakaza taratibu.

La mwisho ndilo kubwa. "Huyu asikae majini," alisema. "Kila siku asubuhi mpe maji safi kidogo, ya kumfika kifuani tu, ale na anywe, maana nje ya maji hawezi kumeza. Kisha mtoe, umkaushe, akae pakavu na penye joto. Maji yakiingia kwenye ufa huu, atakufa. Umenielewa?"

Nimeelewa. Kobe wa majini, akae pakavu, katika mvua hizi.


Alhamisi, 20 Machi

Nimemtandikia taulo kuukuu ndani ya kreti, juu nimening'iniza taa. Ninafanya kazi huku ananitazama. Bado hali.


Jumapili, 23 Machi

Amekula! Utumbo wa samaki. Ameurarua kwa makucha, akameza, akanitazama kana kwamba nimechelewa kumpa. Nimepiga kelele, kaka akaja mbio akidhani nimeungua.


Jumatano, 26 Machi

Nimerudi kutoka kupeleka meno kwa daktari nikamkuta kobe ameloa. Taulo limeloa. Nilidhani paa linavuja, nikapanda juu ya meza, nikapapasa dari yote. Pakavu. Nimemkausha nikampaka dawa.


Jumamosi, 29 Machi

Ameloa tena. Ufa umekuwa mweupe pembeni. Nimeuliza nyumba nzima. Kaka anasoma gazeti, wifi anachambua mboga, Mama anasema labda kobe hutoa jasho.

Jasho!


Jumatatu, 31 Machi

Nimewakamata. Nitaandika yote, maana siwezi kushika kazi.

Leo nilijifanya naenda kwa daktari wa meno. Nilitoka na mwavuli, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikakaa nyuma ya pazia la stoo. Sikungoja sana. Akaingia Mama, amebeba kopo la maji kama anayebeba mtoto. Akamtoa kobe kwenye kreti, akamweka kwenye beseni, akamimina. Alikuwa anamsemesha. "Kunywa, maskini wa Mungu. Hata mfungwa hupewa maji."

Nilitoka nyuma ya pazia. Mama akapiga yowe akaangusha kopo.

"Mama! Wewe ndiye unayeniulia!"

"Namuua mimi? Wewe ndiye umemweka kiumbe wa maji juu ya taulo! Ungekuwa wewe samaki ungefurahi?"

"Si samaki! Ana jeraha! Daktari alisema—"

"Daktari wa ng'ombe," Mama akasema.

Wifi akatokea mlangoni kwa makelele yale, akaona beseni, akashika mdomo. Niliijua sura ile. "Na wewe?" nikamuuliza. Akasema ni mara mbili tu, wallahi, tena alimwagia kwa mkono, alimwonea huruma jinsi anavyopiga miayo. Wiki zote hizi wifi yangu analalamikia harufu, kumbe anakuja kumwogesha! Nilikuwa nimeanza kuvuta pumzi nyingine ya kumfokea yeye pale Mama aliposema polepole, "Mwulize na mumewe basi. Juzi nilikuta beseni limejaa kabla sijamimina."

Nikaenda sebuleni. Kaka hakushusha gazeti.

"Nilitaka afurahi," alisema nyuma ya gazeti.

Nilifoka hadi jirani akazima redio yake asikilize. Niliwaambia wote watatu kwamba huruma yao ni sumu. Kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza, kila mmoja aliona yeye peke yake katika nyumba hii ndiye mwenye moyo, na mimi mkatili. Kwamba nimeambiwa maji yatamwua, nimewaambia, na wamenisikia kama wanavyosikia mvua. Mama alilia. Sikumbembeleza.

Kobe amepata homa ya mapafu. Anafungua kinywa kila akivuta pumzi, ndiyo hiyo waliyoiita miayo. Daktari ameongeza sindano. Hakuniahidi kitu.


Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Anapumua kwa mdomo.


Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimefunga stoo kwa kufuli. Ufunguo nimeutia shingoni.


Jumamosi, 5 Aprili

Hali. Siongei na mtu. Mama ameniwekea chakula mlangoni na kugonga, kisha akaondoka. Nimekila kwa hasira.


Jumanne, 8 Aprili

Anapumua kwa pua. Kinywa kimefungwa tangu asubuhi. Nimekaa sakafuni nikalia kama mjinga.

Mama alinisikia akaja kwenye mlango uliofungwa. "Amekufa?" aliuliza. Nikasema bado. Akakaa upande wa pili wa mlango, nikasikia mgongo wake ukiegemea mbao, tukakaa hivyo. Baadaye akasema, "Mimi nilidhani kumpenda ni kumpa anachokitaka." Nikafungua kufuli.


Jumapili, 20 Aprili

Amekula. Ufa ni mkavu. Kwa chini kabisa kuna utando mgumu, wa rangi ya kucha.

Mama sasa ndiye mlinzi. Wifi alichungulia na kikombe cha chai tu, Mama akamfukuza.


Ijumaa, 2 Mei

Kaka amempa kobe jina: Mheshimiwa. Anamletea dagaa kutoka sokoni, anawachagua mmoja mmoja. Asubuhi wakati wa kula anachutama kando ya beseni na suti yake na kumwambia, "Mheshimiwa, leo tuna kikao." Ningesema uongo kama ningeandika kwamba sikutabasamu.


Jumapili, 11 Mei

Tabasamu limefutika.

Wageni wa kaka wamekuja leo, watu wa ofisini kwake. Nilikuwa napita na sinia. Kaka alikuwa amemleta Mheshimiwa sebuleni na kreti lake, anawaonyesha waya. "Nilimkuta barabarani, mvua inanyesha, kapasuka. Nikasema siwezi kumwacha. Ndivyo nilivyo mimi." Wageni wakaguna kwa kumsifu. Kisha akaniona, akanyoosha mkono uleule, akasema kwa sauti ileile. "Na huyu ni dada yangu. Ndoa ilimshinda, nikamchukua. Hapa ana kila kitu."

Sinia sikuliangusha. Nililiweka mezani nikasema, "Karibuni." Nilimbeba kobe nikarudi naye stoo.

Asije mtu akaniambia kobe ni mimi na mimi ni kobe. Kobe ni kobe. Mimi nina mikono, nina kazi, nina daktari wa meno anayetaka kunipa chumba kando ya zahanati yake tangu mwaka jana. Nilipomweleza kaka habari za chumba kile alisema maneno hayohayo. "Ukafuate nini? Hapa una kila kitu." Mama akawa kimya, nami nikanyamaza. Leo najiuliza nilinyamaza kwa nini.


Jumatano, 21 Mei

Daktari wa mifugo amekata waya. Gamba halichezi. Amesema arudi majini kabisa, maji ya kina, aogelee apate nguvu, na kabla mvua hazijaisha nimrudishe bwawani, kule mtaro unakomwaga maji yake. Bwawa likishuka atapata shida kuanza maisha.

Nimeyasema haya mezani. Kaka akaweka kijiko chini. "Arudi bwawani? Baada ya yote niliyomfanyia?"

Wifi akakohoa. Mama akatazama ukuta.


Jumamosi, 24 Mei

Kaka ameleta tangi la kioo. Limejaza pembe nzima ya sebule, lina taa ya bluu na kasri la plastiki. Wapagazi wawili wamelibeba. Hakuniuliza. Nilipotoka kuoga, Mheshimiwa alikuwa ndani tayari.


Jumatatu, 26 Mei

Anaogelea kuelekea kwenye kioo. Anagonga, anarudi, anagonga palepale. Kaka anasema anacheza.


Jumatano, 28 Mei

Anagonga.


Ijumaa, 30 Mei

Pua imechubuka. Nimemwita kaka nikamwonyesha. Akatazama kwa makini, akasema labda kasri limekaa vibaya. Akalisogeza.


Jumatatu, 2 Juni

Pua inatoka damu. Hajala tangu Jumamosi. Dagaa wa kaka wanaelea, wamegeuka weupe. Wifi ndiye aliyewatoa, kwa mikono yake mitupu, yeye aliyekuwa hawezi kupita stoo bila kuziba pua. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Jumamosi kuna wageni tena. Wifi yangu, kama una jambo la kufanya, lifanye kabla."

Nimejaribu mara moja zaidi. Kaka alipofika nilisema, "Kobe anakufa kwenye kioo chako." Akaumia kweli, niliona. "Wewe hupendi mtu mwingine afanikiwe na kitu," akasema. "Tangu utotoni. Chochote kikinipenda mimi, wewe hukipendi."

Alichoamini ni kwamba kobe anampenda. Anamwona anakuja kwenye kioo kila yeye akiketi mbele yake.


Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi, kaka ameshaondoka kwenda kazini, nilimtoa kobe kwenye tangi. Alinikwaruza viganja. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake sebuleni, akakigeuza kikatazama dirisha. "Mimi sijaona kitu," alisema. "Macho yangu haya." Nilipofika mlangoni akaongeza, bila kugeuka, "Funika beseni, mwanangu, jua limewaka." Alikuwa amevaa meno yake, nadhani ili aseme vizuri maneno ya kumdanganya mwanawe.

Kumbe wifi hakuweza kunyamaza, au aliogopa, akampigia kaka simu. Nilikuwa sijafika ukingoni mwa bwawa nikasikia pikapu nyuma yangu, honi moja ndefu. Nikakimbia. Mwanamke wa umri wangu, na beseni, kwenye matope. Nilifika kwenye matete, nikaliinamisha beseni, naye akateleza ndani ya maji.

Nilidhani angesita. Watu husimulia kwamba mnyama husita, hugeuka, hutazama. Huyu hakusita hata kidogo. Niliona ufa wake, mstari wa rangi ya kucha, ukishuka kwenye maji ya udongo, kisha sikuona kitu. Nilikasirika. Sindano zote zile, usaha, kufuli, halafu hata shingo hageuzi!

Kaka alinipita. Hakunitazama. Aliingia bwawani na suruali yake ya ofisini na viatu vyake vya kufunga kamba, maji yakamfika magotini, akasimama.

"Mheshimiwa!" akaita. "Mheshimiwa, njoo! Mheshimiwa!"

Mtu mzima, anamwita kobe kwa cheo. Nilicheka, sikuweza kujizuia. Akanigeukia, na uso wake ukanikata kicheko. Alikuwa analia.

"Nilikuwa nampenda yule," alisema.

Na alikuwa anampenda. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Muda wote huu nilijiambia kwamba kaka hana upendo, ana maonyesho tu, na ilikuwa rahisi kumkasirikia hivyo. Sasa yuko pale, kamasi zinamtoka kwa ajili ya mnyama aliyemkanyaga akamwita kijiwe, mnyama ambaye pua yake ilitoka damu mbele ya macho yake. Alimpenda, na damu hakuiona. Ningependelea mara mia awe mwongo.

"Najua," nikamwambia. "Ungempenda hadi afe."

Alifuta uso kwa mkono wenye matope.

"Na mimi nahama," nikasema. "Nachukua kile chumba cha kando ya zahanati. Mama akitaka kuja, aje."

Nilitegemea afoke. Nilikuwa tayari kwa kufoka, nilikuwa na hasira ya kutosha kumfokea hadi giza liingie. Lakini alinitazama kama mtu aliyeamshwa, viatu vyake vimezama kwenye tope, akaniuliza kwa sauti ya chini, akiwa anataka kweli kujua:

"Nimekukosea nini?"

Nikamwambia atoke kwanza majini, maana maelezo ni marefu.